Homa ya Mia na Ishirini na Saba

Nina ugomvi wa siku nyingi na namba. Zinanionea darasani, zinanionea kwenye ripoti, na mwalimu wa hesabu akiniita ubaoni huanza kucheka kabla sijashika chaki. Lakini hakuna namba iliyowahi kunikasirisha kama mia na ishirini na saba. Ile ingekuwa mtu ningemsubiri nje ya geti.

Ilinifikia kwa simu. Tulikuwa nyumbani Gitega, mtaa wa Musinzira, tunakula maharage, simu ya mama ikalia. Akasikiliza, akanitazama. Akaendelea kusikiliza, akaendelea kunitazama. Nilianza kupitia kichwani mambo niliyofanya wiki ile, na yalikuwa mengi, lakini sikuona hata moja lenye miguu ya kufika mpaka Muyinga kwa mjomba.

"Ongea na mjomba wako," mama akasema, akaninyooshea simu kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Shikamoo mjomba."

"Umenichomea mashine."

"Mashine gani, mjomba?"

"Unaniuliza mashine gani! Kwani ninazo ngapi?"

Anayo moja. Mjomba alikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, na huko ndiko alikojifunza kupiga chapa. Familia iliporudi Burundi, wote walikwenda kwenye shamba la bibi, Gasorwe. Mjomba naye alijaribu jembe. Bibi, ambaye hana maneno mengi, anasema hajawahi kuona mtu anayelima kama anayemkuna ng'ombe mgongo. Mwishowe akafungua sekretaria karibu na soko la Muyinga mjini: chumba kimoja cha kuchapia barua, mitihani na kadi za harusi, na kutolea kopi. Ndicho kitu cha kwanza alichokishika kikakaa tangu arudi. Kompyuta ni moja. Ikifa, chumba kinafungwa, na jembe linamsubiri Gasorwe.

Na mimi ndiye niliyeigusa mara ya mwisho. Likizo kubwa niliikuta imejaa virusi vya kila mteja aliyewahi kuchomeka flash pale. Ukifungua barua ya kuomba kazi, inafunguka picha ya mwanamke anayeuza sabuni. Nikafuta kila kitu, nikaweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ambao nilijifunza kwa rafiki yangu wa mtaa wa Yoba kwenye laptop isiyo na kifuniko. Kompyuta ikafufuka. Mjomba alinisifia kwa wateja mpaka nikaona aibu, na kuona aibu si kipaji changu.

Kisha akaja Injinia. Ndivyo wanavyomwita pale sokoni, na simjui kwa jina jingine. Alikuja kwa sababu printa ilikuwa inatafuna karatasi. Alipomaliza na printa akaona kwenye skrini hakuna kipimo cha joto, akaweka kimoja pale juu kwenye kona. Kikaandika kwa wekundu: 127. Injinia akapiga mluzi, akamwambia mjomba kwamba Linux imeipika prosesa, ule ubongo wa kompyuta, haifai hata kutengenezwa, na kwamba yeye kwa moyo wake mzuri atakuja kumwondolea ile maiti Jumamosi, baada ya kazi za jamii.

"Jumamosi anaichukua," mjomba akaniambia. "Mimi narudi kulima. Nilitaka tu ujue." Akakata.

Nilibaki nimeshika simu. Maji yanachemka kwa mia moja, jamani! Hata mimi ninayepata mbili kwenye hesabu ninajua hilo. Kitu chenye mia na ishirini na saba kingenuka, kingetoa moshi, kingejizima chenyewe. Lakini mjomba wangu, aliyenisifia soko zima, aliiona namba nyekundu iliyowekwa na mgeni akaiamini palepale, na mimi nikawa mchomaji.

"Mama, ile si kweli."

"Umefunga shule au hujafunga?"

"Tumefunga hii wiki, lakini..."

"Basi utaenda. Umeharibu, nenda ukaone ulichoharibu."

Ijumaa mchana nilikuwa Muyinga. Mlangoni mwa sekretaria walisimama walimu na karatasi zao za mitihani mkononi, sura zao kama sura zetu sisi tukiwa tunasubiri mitihani hiyohiyo. Nilipenya katikati yao nikaingia. Nikaona kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka masikio yanapata moto.

Kompyuta ilikuwa imefunikwa majani ya mgomba. Mabichi, mapana, yamenyunyiziwa maji, yamefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba, juu, pembeni na nyuma, kila mahali penye tundu. Ilifanana na mzigo wa siagi unaopelekwa kwa wakwe.

"Nani amefanya hivi?"

"Salamu kwanza," akasema Tantine, mke wa mjomba, aliyekuwa anapanga kopi. "Tunaipoza. Mjomba wako anaiwasha, anachapa ukurasa, anaizima, anaifunika. Ikipumzika tunachapa mwingine."

"Tantine, ndizi za pombe mnaziivishaje?"

"Shimoni. We hujui?"

"Na shimoni mnazifunika na nini?"

Akaangalia majani. Akaniangalia. "Hee."

"Mnazifunika na majani haya haya ili zipate joto! Na hapa mmeziba mahali kompyuta inapopumulia! Kama ilikuwa nzima, mnaipika nyinyi wenyewe, polepole, kama ndizi!"

Walimu walicheka. Mjomba hakucheka. Alitoka nyuma ya meza, akasema kwa ile sauti yake ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele: "Uliyeiwekea moto ndiye unanifundisha kupoza?"

Kwetu kuna kitu kinaitwa *ubupfasoni*. Ni heshima, ni adabu, ni kujua kumeza. Mtoto hamwambii mkubwa "umekosea" mbele ya watu. Anameza. Siku ile nilimeza mpaka nikashiba, na chakula cha jioni sikukihitaji. Nilifungua zile kamba, nikabeba majani, nikampa mbuzi wa jirani.

Jumamosi asubuhi Muyinga yote ilikuwa kwenye kazi za jamii. Maduka yamefungwa, watu wamekwenda na majembe kuzibua mitaro. Mimi nilisema tumbo linaniuma, na Tantine akajifanya ameamini, akaniachia ufunguo. Kompyuta ilikuwa imelala usiku kucha bila umeme, na Muyinga alfajiri hata wewe mwenyewe hutaki kutoa mkono kwenye blanketi. Nikafungua ubao wa pembeni. Niliweka kidole kwenye lile bati lenye mbavu linalokalia prosesa. Baridi kama pua ya mbwa.

Nikaiwasha. Kabla haijafanya kazi yoyote, kabla haijajua hata kwamba kumekucha, pale juu pakaandikwa: 127.

Nikaipa kazi nzito, ikokotoe mambo ya kipuuzi mfululizo mpaka feni ikalia. 127. Nikaipumzisha. 127. Homa gani hii isiyopanda wala kushuka? Hata malaria ina ratiba.

Basi nikaanza kumtafuta mwongo. Kwanza nikaizima na kuiwasha tena, nikabonyeza kitufe mapema kuingia kwenye ule ukurasa wa bluu wa kompyuta yenyewe, unaotangulia kabla ya Linux kuamka. Pale kuna kipimo chake. Kilisema prosesa ina thelathini na tano. Thelathini na tano! Niliipiga meza kofi, nikaumia.

Kisha nikarudi kwenye Linux, nikaandika amri ya kuorodhesha vipimo vyote vilivyomo ndani, kimoja kimoja. Hapo ndipo mchezo wote ukawa wazi. Kwenye ubao mkubwa kuna kijidude kimoja chenye nafasi tatu za kupokea joto. Kiwanda kiliunganisha mbili, ya tatu kikaiacha wazi, haina waya, haina kitu. Lakini kijidude hakijui kusema "hapa hakuna kitu". Kinaandika namba kubwa kuliko zote kinazoziweza, na hiyo ndiyo 127. Ni kama mwalimu aliyepoteza karatasi yako: hasemi kaipoteza, anakuandikia sifuri. Na kile kipimo alichoweka Injinia kilikuwa kinachukua namba kubwa kuliko zote na kuipaka wekundu. Mjomba alikuwa anafunga sekretaria yake kwa sababu ya tundu tupu.

Nilikuwa na hasira ya kutosha kulima Gasorwe yote peke yangu.

Nikajua maneno hayatasaidia, maana maneno yangu yalikuwa ya mtoto. Nikachukua mshumaa wa Tantine wa siku za umeme kukatika, nikakata kipande kidogo chenye ncha, nikakisimamisha juu ya lile bati lenye mbavu. Nikaiacha kompyuta inafanya kazi, nikakaa.

Walirudi pamoja, mjomba na Injinia, majembe begani, matope mpaka magotini. Nyuma yao Tantine na walimu wawili watatu. Injinia alikuwa na gunia kwapani. Tupu. Alikuja nalo mpaka kwenye mitaro, fikiria, ili asirudi nyumbani kulichukua.

"We mutoto, zima hiyo kitu," akasema. "Iko moto, itakulipukia."

"Ndiyo, Injinia. Samahani, mi nilitaka kuuliza tu. Mshumaa unayeyuka kwa digrii ngapi?"

"Mshumaa?"

"Mi sijui. Ndiyo nauliza, we ndiye Injinia."

Akafuta jasho. "Euh, ça dépend, inategemea. Sitini, hivi. Ikizidi sana, sabini."

"Asante. Njoo uone."

Wote wakainama. Kipande cha mshumaa kilikuwa kimesimama pale, ncha yake bado nzima, kama kimewekwa kwa ajili ya misa. Kwenye skrini, 127 ilikuwa inang'aa kama kidonda. Mwalimu mmoja akaanza kucheka kwa puani.

"Hiyo ni nje," Injinia akasema. "Joto iko ndani ya processeur. Nje huwezi kuona."

Hilo, nakubali, halikuwa jibu la kijinga kabisa. Bati likikaa vibaya, prosesa inaweza kuungua chini yake huku lenyewe likiwa baridi. Lakini nilikuwa nimeshalifikiria.

"Sawa, Injinia. Ila leo asubuhi ilikuwa imelala bila umeme. Nilipoiwasha tu, papo hapo ikaandika mia na ishirini na saba. Ilikuwa inaungua usingizini?"

"Donc we unanifundisha?"

"Hapana, mi..."

"Heshima!" mjomba akasema.

Nikameza. Lakini mikono haimezi. Nikageukia kibodi, nikafungua faili la mipangilio ya vipimo, nikaandika mstari mmoja: kisomwe kipimo cha ndani ya prosesa peke yake, lile tundu tupu lisisomwe tena. Nikawasha kipimo upya. 127 ikatoweka, na mahali pake ikaja namba ya kijani.

Tisa.

"Imepoa!" mjomba akapaza sauti. Alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Jamani, imepoa! Digrii tisa!"

Injinia alilikunja gunia lake taratibu. "Voilà. Mi nilisema, ikipumzika itapoa. Lakini hii homa inarudi, mzee. Nitapita Jumamosi ingine, nione." Akaenda na jembe lake na gunia lake na heshima yake yote.

Ungedhani hapo nilifurahi. Thubutu! Mshumaa ulisimama mbele ya macho yao, hakuna aliyeujali. Ukurasa wa bluu nilimwonyesha mjomba, akasema huo ni wa Kiingereza. Walichoamini ni namba kubadilika rangi. Na namba yenyewe ilikuwa uongo wa pili! Chumba kile kilikuwa na jua la mchana, watu wamejaa, Tantine anajipepea na mtihani wa biolojia. Feni inapuliza hewa ya chumbani. Haiwezi kuifanya prosesa iwe baridi kuliko chumba chenyewe. Tisa haiwezekani. Zile prosesa za zamani za aina ile, Linux inaposoma kipimo cha ndani yake, hupokea namba yenye mizani yake yenyewe, si digrii za kweli. Lazima uongeze tofauti.

"Mimi natokwa jasho humu," Tantine akasema, "na hiyo inasikia baridi?"

Mjomba alikuwa anawaita wauza viazi waje kuiona tisa.

Jumapili asubuhi, kabla sijaondoka, nilimkalisha chini.

"Mjomba, ile tisa nayo si kweli."

"Unataka nini wewe? Ile mia ulisema uongo, nikanyamaza. Sasa na tisa uongo?"

"Ndiyo."

"Ukweli ni ngapi?"

"Thelathini na tano, hapo karibu."

"Thelathini na tano! Si inapanda tena hiyo? Acha tisa. Jana walimu wote wamerudi kwa sababu ya tisa."

"Lakini mjomba, siku ikipata joto la kweli, sitini, itakuandikia thelathini na kitu, utakaa unachapa tu."

"Acha tisa."

Ile ya mia na ishirini na saba ilimtukana, akaifukuza kwa majani. Hii ilimsifu, akaifungulia mlango. Wote wawili waongo, na mkweli aliyekaa katikati ndiye aliyefokewa. Nilikuwa na hasira hata na chai. Na nilijua kitu kimoja: Injinia atarudi na lile gunia, na mjomba bado hana chochote mkononi isipokuwa namba, na namba anaijua yule aliyeiweka. Akibonyeza mahali, ikawa nyekundu tena, kompyuta imekwenda.

Mjomba alipoingia kuoga nilikimbilia sekretaria na ufunguo wa Tantine, nikaandika mstari wa pili. Ongeza ishirini na sita. Nililinganisha na ukurasa wa bluu. Si kipimo cha hospitali, lakini kinatembea na ukweli, kikipanda ni kweli kinapanda. Kisha nikapanda gari la Gitega, nikazima simu. Si kwa woga. Betri.

Jioni, Musinzira, simu ya mama ikalia. Mama akasikiliza. Akanitazama, akanipa simu, akarudi jikoni.

"Imepanda!" mjomba alikuwa anapiga kelele mpaka mama aliyekuwa jikoni alisikia. "Thelathini na saba! Ulifanya nini? Rudisha tisa! Yule bwana akija nitamwambia nini?"

Na hapo, naomba mnisamehe, ubupfasoni ulinimwagika wote. "Mjomba, zima! Chomoa waya! Zima nimesema!"

Mama akaweka mwiko chini.

"Nimezima," ikasema sauti ndogo.

"Ubao wa pembeni nimeuacha wazi. Ndani kuna bati lenye mbavu, juu yake feni. Feni imesimama?"

"Imesimama."

"Weka kidole kwenye bati."

"Litaniunguza."

"Weka kidole, mjomba! Mtoto wako akiwa na homa unasubiri Injinia aje kukuandikia namba? Si unamshika paji la uso?"

Nilisikia pumzi yake. Nilisikia Tantine nyuma akisema, "We weka tu, mume wangu, una vingine."

"Ni vuguvugu," mjomba akasema. "Kama... kama mtu."

"Hiyo ndiyo thelathini na saba."

Hakusema samahani, wakubwa wa kwetu hawana neno hilo kwa watoto, labda waliliacha kambini. Alisema tu, "Sawa. Usinipigie kelele tena," akakata. Mama akanifokea mpaka nikalala.

Yaliyotokea Jumamosi iliyofuata nimesimuliwa na Tantine. Injinia alikuja na gunia. Akatazama skrini, akaona thelathini na nane, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema si aliwaambia, imeanza kupanda. Mjomba hakubisha. Alimaliza kuchapa mtihani wa jiografia, akaizima kompyuta, akachomoa waya, akasubiri feni isimame. Halafu akaondoa mikono ya Injinia kwenye ubao na kumwambia mbele ya walimu wote, kwa ile sauti ya chini:

"Weka kidole."

Injinia akasema kipimo ni kipimo. Mjomba akasema, "Weka kidole, bwana." Akasema ana haraka. Mjomba akasema hata yeye ana haraka, kuna watu wanasubiri mitihani. Tantine anaapa kwamba yule mtu alikiweka kidole hatimaye, kimoja tu, cha mwisho, kile kidogo, akakitoa upesi kama aliyegusa uji, kabla hata hakijapata nafasi ya kusikia kitu. Kisha akaenda zake. Gunia alilisahau. Sasa wanawekea karatasi zilizotafunwa na printa.

Sekretaria iko wazi. Mjomba anachapa, halimi. Na mimi nilikuwa Gitega siku hiyo, darasani hata Jumamosi, ninaandika mtihani wa hesabu, sikukiona kile kidole. Hilo sitamsamehe mtu yeyote.